Mwili wa Kuazima na Mipaka Yake

Jioni moja, kibarazani kwetu Wete, tuliijaza sufi glavu ya kuoshea vyombo, tukailaza mezani mbele ya shangazi yangu, na mkono wake mwenyewe tukauficha nyuma ya kipande cha boksi. Mpwa wangu alishika brashi mbili, akawa anaipapasa glavu na mkono uliofichwa kwa pamoja, kidole kwa kidole, kwa muda wa dakika mbili hivi. Alipoinua nyundo kama anayetaka kuiponda glavu, shangazi aliuvuta mkono wake ghafla hata kikombe cha kahawa kikapinduka. “Najua si wangu,” alisema huku anacheka, “lakini moyo umenishtuka.”

Jaribio hilo, la mkono wa bandia, lilichapishwa na watafiti Botvinick na Cohen mwaka 1998. Brashi zisipokwenda kwa wakati mmoja, hisia hiyo hufifia. Yaani, ubongo hukipokea kitu kuwa chake pale kinachoonekana kinapokwenda sambamba na kinachoguswa. Miwani ya uhalisia pepe, inayomzungushia mvaaji dunia iliyotengenezwa na kompyuta, hufanya hivyo kwa mwili mzima: ukitazama chini unaona mikono mingine, na ukiinua wako nayo inainuka papo hapo.

Wanaoisifu miwani hiyo, kwamba humfanya mtu ayajue maisha ya mwenziwe, wana hoja nzito. Mwaka 2013, Banakou, Groten na Slater walionesha kuwa watu wazima waliopewa mwili wa mtoto wa miaka minne waliviona vitu vikubwa kuliko waliopewa mwili wa mtu mzima uliopunguzwa kwa kimo kilekile. Mwaka huohuo Peck na wenzake waliripoti kuwa wanawake weupe waliovaa mwili mweusi walipungukiwa na upendeleo wa rangi uliojificha. Hata hivyo, mwaka 2009 Groom na wenzake walikuwa wamepata kinyume chake: waliopewa mwili mweusi, katika igizo la usaili wa kazi, walizidisha upendeleo huo. Tena Lush na wenzake, mwaka 2020, walibainisha kuwa wanaoathirika upesi na maneno ya kuwashawishi ndio pia wanaouhisi zaidi mkono wa bandia.

Mimi siitilii shaka hisia yenyewe, kwani nimeiona kahawa ikimwagika. Ninachokitilia shaka ni kudai kwamba kwa njia hiyo mtu ameyajua maisha ya mwenziwe. Katika ngoma za pepo hapa Pemba, anayepandwa huitwa kiti: mwili ni uleule, anayesema ni mwengine, na pepo akishashuka kiti hadaiwi maneno yale. Kwenye uhalisia pepe (majina haya mawili, pepo na pepe, yamekaribiana kweli) mambo yamegeuzwa, kwani anayesema ni yuleyule na mwili ndio mgeni. Mvaaji huuvua baada ya dakika kumi, na hajawahi kunyimwa kazi kwa ajili ya ngozi ile wala kuzeeka nayo.

Kwa hiyo naitenga kazi ya tiba na shaka hiyo. Tangu miaka ya 1990 Ramachandran, mtaalamu wa ubongo, alitumia kioo kumwonesha aliyekatwa mkono taswira ya ule uliobaki mahali pa uliokatwa, na baadhi ya wagonjwa wakapata nafuu ya maumivu ya kiungo kisichokuwepo. Nafuu hiyo haikumpata kila mtu. Lakini hapo mwili unaoulizwa ni wa mgonjwa mwenyewe, na anayejua kama maumivu yamepungua ni yeye.