Ukuta Umetoa Hela

Kwanza nijitetee. Mimi si mtu wa kukurupuka. Nimefundisha hesabu miaka 26, na mtu aliyesahihisha madaftari ya darasa la watoto 90 haibiwi kirahisi. Kwa hiyo nilipopata nyumba ya kununua Tanga mjini, huko Ngamiani kwenye barabara za namba, nilikagua. Ofisi ya ardhi nilikwenda mara nne, na mara mbili kati ya hizo mtandao ulikuwa haupo. Kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa nilishinda mpaka mkewe akaanza kunihesabu kwenye ugali. Mwenye nyumba alishatangulia mbele ya haki, basi nikaisoma barua ya msimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo, muhuri hadi muhuri, nikahakikisha warithi wote saba wamekubali, pamoja na yule aliyeko Muscat ambaye saini yake ilikuja kwa picha ya simu, kidole gumba kimeziba nusu.

Ukuta sikuugusa. Ningeugusia nini? Ukuta ni ukuta.

Kujenga nilikuwa nimeshakuogopa. Shemeji yangu alijenga Pongwe, mlangoni kwa kiwanda cha saruji kabisa, na bado saruji ilimwishia njiani. Ukinunua mifuko 50, fundi anapokea 50, nyumba inapokea 30. Nikapiga hesabu zangu za kiualimu: nyumba ya zamani, wizi wake ulishafanyika na wezi walishazeeka. Ya kale dhahabu.

Na nyumba yenyewe ilikuwa inaita. Nyumba ya Kiswahili haswa: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, nyuma ua wenye jiko, bafu, choo na mwarobaini mmoja mnene. Juu ya mlango mtu alichora kwa saruji 1958. Ilikuwa imepakwa rangi juzi tu, juu maziwa, chini kahawia, inanukia rangi mbichi kama bi harusi anavyonukia udi. Wapangaji watatu, wote watulivu. Bei milioni 38.

Chumba cha pili mkono wa kulia, kilichokuwa kitupu, kulikuwa na kalenda ukutani. Kalenda ya 2013, imetundikwa usawa wa kiuno changu. Nikamuuliza dalali mbona iko chini hivyo.

"Mwalimu, hapa kuna watoto," akasema. "Wasome tarehe bila taabu."

Nilifurahi sana. Nyumba inayojali elimu.

Mke wangu hakufurahi. Tulipotoka akaniuliza, "Watoto gani hao wanasoma tarehe za 2013?" Nikamwambia aache kutafuta mabaya. Kesho yake nikatoa arubuni ya milioni 3 mbele ya mwenyekiti na mashahidi wawili, tukaandikiana kwamba nikighairi mwenyewe hairudi. Mke wangu aliposikia hakupiga kelele. Alikaa kitako, akafunga kanga vizuri, akasema, "Baba Fulani, hata mbuzi wa Iddi mtu humfungua mdomo akamtazama meno. Kesho unakwenda na fundi."

Alinitafutia yeye mwenyewe. Mzee mmoja mfupi, kofia ya vito, suruali iliyokunjwa, mfukoni bisibisi moja na gololi tatu. Gololi nikadhani amemnyang'anya mjukuu. Dalali alipomwona akaniambia pembeni, "Huyu wa kazi gani? Nyumba imesimama tangu 1958, itamwangukia yeye leo?"

Fundi hakujibu. Alichuchumaa mlango wa mbele, akaweka gololi moja sakafuni, akaiachia.

Mwanzo haikwenda. Ikatafakari. Halafu ikaanza kusogea polepole kama mzee anayetoka msikitini, ikapita mlango wa kwanza, ikapita wa pili, ikakolea mwendo, kufika wa tatu inakimbia, ikaruka kizingiti cha uwani, ikakata kona kwenye mwarobaini na kusimama mbele ya mlango wa choo. Akaachia ya pili. Vilevile. Ya tatu ilimkuta mpangaji anatoka na kopo, akairuka.

"Gololi inajua choo kilipo," fundi akasema.

"Huo ni mteremko wa kudekia!" dalali akadakia. "Wazee walifanya makusudi, maji yasituame."

Fundi akatupeleka uwani. Akahesabu hatua kutoka ukuta wa nyuma hadi shimo la choo: mbili, na miguu yake mifupi. Akauliza shimo limechimbwa lini. Mpangaji akasema hili ni la tatu, la kwanza lilijaa, la pili lilijaa, yote yako hapahapa, moja chini ya pale aliposimama Mwalimu. Nikasogea. Fundi akaeleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba msingi hushikwa na udongo wa pembeni yake. Ukichimba mashimo matatu mgongoni mwa nyumba, udongo unalegea na maji yanauchota kila mvua, na kona ile inashuka taratibu. Sakafu inaifuata. Gololi inaifuata sakafu.

"Inashuka kwa kiasi gani?" nikauliza.

"Tangu 1958? Si sana. Ila haijaacha."

Tukarudi ndani. Alipofika chumba cha pili alisimama mbele ya kalenda, hakuuliza chochote, akaibandua. Nyuma yake kulikuwa na ufa. Siyo ule mstari wa unywele ambao plasta yoyote hupata ikikauka vibaya. Huu ulianzia sakafuni, ukapanda hadi pale kalenda ilipoishia, na juu yake ulikuwa umezibwa kwa rangi nene kama siagi.

Fundi akautazama kwa muda. "Msingi ukishuka, ukuta wa tofali hupasuka ngazi ngazi," akasema, akichora hewani kwa kidole, "ufa unafuata viungo vya tofali. Huu haukufuata ngazi. Umechanika kama shuka." Akanigeukia. "Mwalimu, nipe mia mbili."

Nikadhani ni ya maji. Nikampa sarafu ile yenye simba. Akaishika wima, akaiingiza kwenye ufa kama watu wa zamani walivyokuwa wakiingiza kwenye simu za vibandani, akaisukuma kwa ncha ya bisibisi. Ikaenda. Tukasikia inakwaruza huko ndani, ikanyamaza, halafu ng'ambo ya pili: tii.

Kimya.

Kisha sauti ya mtoto, kwa furaha ambayo sijaisikia hata siku ya matokeo: "Mamaa! Ukuta umetoa hela!"

Dalali alikuwa anaangalia simu yake, ingawa haikuwa imeita.

Fundi sasa akachukua bisibisi, akaichomeka kwenye plasta na kuisukuma kwa kiganja. Hakutumia nyundo. Iliingia hadi mpini. Alipoichomoa ulitoka udongo mwekundu, mkavu kama unga, na pamoja nao mchwa wawili weupe walioonekana kukerwa na mwanga. Akabandua kipande cha plasta ukubwa wa sahani. Chini yake hakukuwa na tofali. Kulikuwa na fito, zimefungwa kwa kamba juu ya nguzo, na udongo umekandikwa katikati.

"Lakini mbele ni tofali!" nikasema. "Nimeona mwenyewe!"

"Mbele ni tofali," akakubali. "Mwalimu, 1958 kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilikuwa bado, kilianza 1966. Cha Pongwe ndiyo usiseme. Saruji ilikuwa inakuja kwa meli. Mtu akipata mifuko yake michache alijenga uso wa nyumba kwa tofali ili barabarani aheshimike, huku nyuma akakandika udongo kama baba yake, juu akapiga plasta ya inchi moja. Watu wengi walifanya. Si wizi. Wizi ni hii kalenda."

Akaendelea kusema kwamba udongo hauna ubaya. Nyumba ya udongo ikivaa kofia nzuri na viatu vizuri, yaani paa linalotokeza na msingi usioshika maji, inazika wajukuu. Tatizo ni kwamba hii ilifunikwa saruji pande zote mbili, maji yakipanda kutoka chini hayana pa kutokea, na mchwa wakapata chumba chenye kivuli, unyevu na chakula, bila kodi. Akagonga nguzo moja kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua nazi sokoni. Ililia kama nazi tupu. Imebaki ganda.

"Sasa, fundi," nikauliza, "kama nguzo zimeliwa, nyumba inashikiliwa na nini?"

Akafikiri kwa haki. "Plasta. Rangi. Na mazoea."

Hapa ndipo miguu iliponiisha. Milioni 3 zangu zilipita mbele ya macho, noti moja moja, zikifuatwa na uso wa mke wangu. Nikafanya anachofanya kila binadamu akipata habari mbaya akiwa amesimama ndani ya nyumba. Nikaegemea ukuta.

Sikumbuki mlio. Nakumbuka kiwiko kikipata nafasi ambayo hakikutegemea, bega likakifuata, kisha kichwa, na vumbi jekundu likanijaa mdomoni. Nilipofumbua macho nilikuwa nusu chumba cha pili na nusu chumba cha tatu. Mbele yangu, kwenye mkeka, walikuwa wamekaa watoto wanne kwa mstari, kila mmoja amekinga viganja, wanasubiri ukuta utoe tena. Ukuta ukatoa mwalimu. Nyuma yao mama yao, muuza vitumbua, alikuwa ameshika kijiko hewani juu ya chuma chenye mafuta yanayochemka.

Kichwa kikiwa tayari chumbani kwa watu, nikakumbuka adabu.

"Hodi," nikasema.

"Karibu, Mwalimu," akajibu, akajivuta kanga kichwani. Akatazama shimo, akanitazama mimi, akaona hakuna la kufanya isipokuwa lile analofanyiwa mgeni. "Chai utakunywa?"

Niliinywa palepale. Kujichomoa kulikuwa na hatari zake, kwa sababu fundi kule nyuma alikuwa amenishika mkanda anapiga kelele nisitikisike, na dalali anapiga kelele zaidi yake: "Mwalimu umevunja nyumba ya watu na hujamaliza kulipa!" Vitumbua vilikuwa vizuri, lazima niseme. Iliki kiasi chake, kingo zimekauka, katikati laini. Kama si udongo ningeomba cha tatu.

Kesi ikasikilizwa jioni barazani kwa mwenyekiti. Warithi wakataka nilipe fidia ya ukuta. Mimi nikataka arubuni yangu. Fundi akaweka mezani kipande cha nguzo, akakiminya kwa vidole viwili, kikawa unga, akakaa. Mrithi wa Muscat akapigiwa simu ya video, akataka kuliona shimo kwa macho yake. Tukaandamana wote hadi kwenye nyumba, simu ikapitishwa kwenye shimo, ikamkuta mama wa vitumbua, na kwa kuwa walikua mtaa mmoja wakaulizana habari za watoto, za wazee, nani amefiwa na nani ameoa, robo saa nzima, huku sisi wengine tumesimama upande wa pili tunashika taa. Mwisho yule bwana akasema tu, "Lakini marehemu baba alikuwa akituambia nyumba ni ya mawe."

Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumjibu.

Kwa kifupi, niliuziwa kiwanja. Milioni 24, arubuni ndani yake, na nyumba ikahesabiwa kuwa kitu kilichokutwa juu ya kiwanja, kama mwarobaini. Dalali alitaka asilimia 10 ya milioni 38, kwa maelezo kwamba yeye nyumba aliyoileta ilikuwa nzima. Mke wangu ndiye aliyemjibu, na maneno yake siyaandiki hapa.

Fundi ameweka mirunda ukuta wa nyuma na shimo la choo limehamia mbali, pembeni ya uzio. Tunaanza kusimamisha nguzo za zege chumba kimoja kimoja, wapangaji wanahama kwa zamu kutoka kulia kwenda kushoto. Shimo langu nilitaka kuliziba kwa bati mpaka zamu yake ifike. Mama wa vitumbua akakataa, anasema linapitisha upepo na siku hizi wateja wa chumba cha pili wanaagiza kupitia hapohapo.

Jana nilikwenda kuhesabu mifuko ya saruji. Ilikuwa 30, na nilileta 40, lakini hiyo ni habari nyingine. Nilipokuwa nainama kuhesabu upya nikahisi mtu ananivuta shati. Ni yule kijana mdogo wa miaka sita hivi, wa kwanza kwenye ule mstari. Akanishika mkono akanipeleka hadi chumba cha mwisho, akanionyesha ufa mpya mwembamba chini ya dirisha.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "huu bado haujatoa."

Nikajipapasa mfukoni. Nilikuwa na mia tano.