Si Wewe Ndo Mchekeshaji? Haya Tuchekeshe

Sasa hivi natoka kwa mama ntilie, nimemwomba wali maharage aandike kwenye daftari mpaka boom, ile hela ya mkopo wa chuo, litoke, ananiangalia usoni weee, halafu anasema, "We si ndo yule mchekeshaji? Nichekeshe kwanza." Njaa inauma mpaka macho yanaona mbilimbili, nichekeshe kwanza. Na foleni yote nyuma yangu ikageuka ukumbi, kuna jamaa kabisa kafumbata mikono kifuani, ile ya haya tuone.

Kwa heshima zote ndugu zangu, mimi ni msanii wa stendapu, ile ya kusimama na maiki na maneno tu. Chipukizi, sawa. Malipo yangu soda, sawa. Ila nina utaratibu wangu, stendapu haiji kama chafya. Dakika tano za jukwaani mtu anazipika miezi, unaandika, unafuta, unapeleka openi maiki, yale majukwaa ya kila anayetaka kujaribu, mtu anapiga miayo mbele yako kabisa, unarudi hosteli unafuta tena. Na kujifunza kwenyewe ni bando. Nafungua klipu ya Trevor Noah, yule mchekeshaji wa Sauzi, nimsome anavyopanga stori, nabaki na wivu tu. Mwenzangu kuzaliwa kwake lilikuwa kosa la jinai, Johannesburg 1984, enzi za makaburu, mama Mkhosa baba Mzungu wa Uswisi, huo ni mtaji jamani! Mimi wazazi wote Wasambaa, ndoa halali, cheti kipo, nimezaliwa hospitali ya wilaya mchana kweupe. Hapo nachomoa nini?

Ila mama ntilie ana nafuu, tatizo ni ukoo.

Juzi kikao cha sendofu ya binti wa shangazi, Mbagala. MC kachelewa, simu hapokei. Baba mkubwa akasimama, "Tusihangaike, si tuna mwanetu hapa anasomea uchekeshaji." Nasomea ugavi mimi! Nikanyanyuka hivyo hivyo, maiki inakoroma, jenereta la jirani nalo linataka kuhutubia. Kabla sijafungua mdomo mzee mmoja akauliza, "Mbona kavaa kawaida? Mto wa tumboni uko wapi?" Nikamwelewa. Mzee kakulia kwenye vichekesho vya King Majuto, Mungu amrehemu, 2018 ametuachia pengo, yule alikuwa akichungulia tu mlangoni watu hoi, neno hajasema. Halafu wakaja kina Joti, Ze Comedy ile ya EATV, mwanaume kavaa gauni na hereni, watu mnacheka hata sauti ya tivii haipo. Mimi nimesimama na shati la kuazima na maneno. Nani anataka maneno?

Nikaanza. "Juzi nimepanda gari la Mbagala Makumbusho, tumefika Ubungo akaingia mzee na jogoo..."

"Gari la Makumbusho halipiti Ubungo," akasema baba mkubwa.

Nikasema baba, ni stori tu. Akasema stori sawa, lakini gari halipiti. Mjomba akadakia linapita, linazunguka na Mandela. Mwingine akasema hayo ya zamani, siku hizi wanakatiza na Kawawa. Jamani ukumbi ukagawanyika, huku chama cha Mandela huku chama cha Kawawa, akapigiwa simu binamu mmoja dereva wa daladala atoe ushahidi, akawekwa spika, naye anauliza kwanza kikao kimeisha na chakula kipo? Mimi nimeshika maiki, jogoo wangu yupo mlangoni mwa gari hajaingia wala hajashuka. Bibi akaninong'oneza, "Mjukuu wangu, jogoo wa kienyeji huyo au wa kisasa?" Nikamwambia wa kienyeji bibi. Shangazi wa pili akadaka, "Kanunua bei gani?"

Basi nikapiga kelele nimalize, maana punchilaini, ile sentensi ya mwisho ya kuchekesha, ikikaa inachacha: "Konda akadai nauli ya jogoo, mzee akasema huyu mwanafunzi, huoni anavyowahi kuamka?"

Kimya. Yaani unasikia feni.

Baba mkubwa akakuna ndevu, akasema taratibu, "Na kitambulisho anacho?"

Watu wakaanguka! Shangazi anapiga meza, bibi kajifuta machozi na upande wa kanga, yule wa kwenye spika naye anacheka hajui anacheka nini. Jogoo wangu mimi! Nimemlea mwenyewe, nimemtembeza openi maiki zote hapa mjini, halafu mtu anakuja kumchinjia mlangoni. Unajua mpaka saa hizi baba mkubwa ndo kapewa umsi wa hiyo sendofu? Na bahasha atapewa. Mimi nikaambiwa "we endelea tu, utajulikana." Utajulikana! Nijulikane mara ngapi, mwenye duka ananijua, mwenye nyumba ya rafiki yangu ananijua, madeni yote yananijua kwa jina na ubini. Hivi nauli ya kurudi Mbagala mpaka huku mnadhani nililipa kwa kujulikana? Na pilau nililowekewa viazi vitupu, nyama zote zimeenda meza ya chama cha Mandela, walioshindwa hoja kabisa hao, maana binamu alisema...

Oya! Nani kachukua ndoo yangu pale bombani? Ya bluu, ina jina kwa makapeni. Maji yametoka saa hizi tu baada ya siku kibao halafu mtu anachukua ndoo ya mtu, na wewe usicheke, sijaanza kuchekesha mimi!