Utulivu wa mabonde ya Pemba na baiskeli zinazotarajiwa

Kisiwa cha Pemba hakina mto mkubwa, lakini kina mabonde. Urefu wake kutoka kaskazini hadi kusini haufiki kilomita 70, na ndani ya masafa hayo mafupi ardhi, hasa ya upande wa magharibi, hupanda na kushuka bila kupumzika: juu ya vilima imesimama mikarafuu, minazi na miembe, na chini, pale vijito vinapokusanya maji kabla ya kuingia katika hori zenye mikoko, umetandaa mpunga. Njia ya Chake Chake kwenda Wete huyakata mabonde haya moja baada ya jingine, na mwenye baiskeli anayeipita asubuhi mapema anaweza kwenda kitambo kizuri bila kusikia kitu isipokuwa mnyororo wake mwenyewe na maji yanayopita chini ya kalvati. Kwa kuwa kisiwa hiki kinatafuta utalii wa aina yake, usioiga ule wa fukwe za Unguja, wapo wanaosema kwamba njia kama hizi zitangazwe kwa waendesha baiskeli wa nje. Wapo pia wanaoona kwamba wazo hilo linageuza shida ya wenyeji kuwa mandhari ya wageni. Pande zote mbili zinastahili kusikilizwa, ingawa sitaficha ninakoelemea.

Naanza na wanaounga mkono, kwa sababu hoja yao ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba, na walio wengi waliishia Unguja. Wachache wanaofika Pemba hupokewa kwa gari bandarini Mkoani au uwanja wa ndege, wakapelekwa moja kwa moja hadi hoteli ya pwani, na siku ya kuondoka wakarudishwa kwa njia ile ile, bila ya kijiji hata kimoja cha katikati kupata senti yao. Mwenye baiskeli hawezi kusafiri hivyo. Akienda kilomita 15 kwa saa katika jua la Pemba atahitaji maji, dafu, chakula cha mchana, kivuli, na mara nyingine fundi wa kuziba tyubu, na vyote hivyo atavitafuta pale alipo. Tena jua linapokaribia kuzama ni lazima awe amepata pa kulala, kwa sababu barabara za shamba hazina taa. Kwa hiyo fedha yake hutawanyika njiani kwa vijisehemu vidogo, kwa mwenye mgahawa, kwa muuza machungwa na kwa mwenye chumba cha kupangisha, badala ya kushuka yote katika mfuko mmoja. Haihitaji uwekezaji mkubwa wala kipande cha pwani kuzungushiwa ukuta. Kwa kisiwa chenye watu zaidi ya laki tano na ardhi finyu, jambo hilo si dogo.

Watetezi hao hupenda kutoa mfano wa bonde la mto Loire nchini Ufaransa, ambako njia ya baiskeli ipatayo kilomita 900 imeunganishwa kwa sehemu kubwa kutokana na vijia na barabara ndogo zenye magari machache, na ambako sehemu ya bonde lenyewe iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mfano ni mzuri, lakini unataka kusomwa kwa makini, kwani maumbile ya ardhi hayafanani. Barabara iliyoandamana na mto mrefu hushuka pamoja na maji, polepole mno kiasi kwamba hata mtu asiye na mazoezi huweza kwenda siku nzima. Pemba barabara haifuati bonde, bali hulivuka. Unashuka kwa kasi, unapita kalvati, na kabla hujavuta pumzi unapanda tena. Yule aliyezoea mwendo wa bondeni Ulaya akihesabu kilomita peke yake atajidanganya, maana masafa ya Chake hadi Wete ni mafupi katika karatasi lakini ni marefu katika magoti.

Wenyeji wanalijua hilo miguuni mwao. Baiskeli iliyozoeleka visiwani ni ile nzito ya chuma aina ya Phoenix, yenye gea moja na karia nyuma, ambayo uzito wake pekee unakaribia kilo 20 kabla ya tenga la samaki au mzigo wa kuni kuwekwa. Ndiyo maana utamwona mtu mzima mwenye nguvu zake akishuka chini ya kilima na kuisukuma. Hatari yenyewe iko upande wa pili wa kilima. Wakati wa masika ringi ya chuma ikirowa maji, mpira wa breki huteleza juu yake, na mwenye mzigo anayeshuka kuelekea bondeni huwa hana uhakika atasimama wapi. Mgeni mwenye baiskeli nyepesi ya gea nyingi na breki za diski hatayajua haya. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mjadala mzima huendeshwa kana kwamba baiskeli ni kitu kitakachokuja Pemba kwa ndege, ilhali zimo barabarani tangu babu zetu, na wanaozipanda ndio wanaozungumzwa kidogo zaidi.

Upande wa pili nao una hoja ambayo binafsi naiona kuwa ndiyo kubwa kuliko zote. Utulivu anaousifu mgeni, kwa mwenyeji ni gari lililochelewa. Barabara nyembamba yenye kona nyingi inapendeza machoni, lakini mwenye mgonjwa ndani ya gari usiku, anayetoka kijijini kuwahi hospitali, hana haja na kona wala na kivuli cha mikarafuu. Na ipo karafuu yenyewe. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hili. Msimu unapowadia barabara hizi hizi hujaa watu wanaokwenda kuchuma, gari zinazopeleka magunia katika vituo vya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na majamvi yaliyotandikwa kando kwa ajili ya kuanika. Barabara kuu za kisiwa, ikiwemo hii ya Chake na Wete na ile ya Chake na Mkoani, ziliingizwa katika mipango ya kujengwa upya kwa sababu wananchi walizihitaji hivyo. Kuwaambia watu hao wabaki na barabara mbovu ili mandhari isiharibike kungekuwa dhulma, na sijamsikia mtetezi yeyote wa baiskeli akijibu hoja hiyo kikamilifu.

Suala la adabu hutajwa mara nyingi, nami naona lina jibu jepesi kuliko linavyokuzwa. Nguo za kubana za waendesha baiskeli hazifai kupita nazo kijijini, zaidi katika mwezi wa Ramadhani, na mgeni akielezwa kwa upole kabla ya safari huvaa shati pana na suruali ya kufika chini ya goti, yakaisha. Jambo zito zaidi ni kamera. Bonde la mpunga ni mahali pa kazi, na wengi wanaoinama humo kupandikiza na kupalilia ni akina mama, ambao hawakutoka majumbani mwao wawe picha ya mtu. Hapo anatakiwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo, na watu wa shehia yenyewe, yaani eneo lake, waseme wanachokubali, na wanachokataa kiheshimiwe.

Kuhusu faida kubaki kwa wakala wa Unguja na mwenyeji kuachiwa vumbi, wasiwasi huo ni wa kweli. Baiskeli zikikodishwa na kampuni ya mbali, kiongozi wa safari akatoka mbali, na chakula kikapakiwa hotelini, basi ile hoja ya fedha kutawanyika njiani inaanguka yote. Haitoshi kusema mwenye baiskeli hutumia fedha kijijini, kwani hutumia tu pale anapokuta cha kununua na mtu wa kumuuzia.

Nikizipima hoja hizi pamoja, naona kwamba pande mbili zinagombania kitu ambacho sicho. Mmoja anatetea upana wa barabara, mwengine anatetea wembamba wake, wakati kinachomuua mpanda baiskeli si upana bali ni kasi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwendo wa wastani wa magari ukiongezeka kwa asilimia 1, uwezekano wa ajali ya kuua huongezeka kwa takriban asilimia 4, na ripoti yake ya mwaka 2023 ilikadiria vifo vya barabarani duniani kuwa milioni 1.19 kwa mwaka, zaidi ya nusu yake vikiwa vya waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wenye pikipiki. Mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm mwezi wa Februari 2020 ulitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa pale ambapo magari na watu wasio na kinga huchanganyika mara kwa mara. Zile kona za njia ya zamani, pamoja na mashimo yake, zimekuwa zikifanya kazi ya breki bila ya mtu kuziagiza. Lami mpya ikinyooshwa na kulainishwa huiondoa breki hiyo, na ikiwa hakuna kitu kingine kilichowekwa badala yake, mtoto wa skuli anayeshuka kilima na baiskeli ya baba yake hukutana chini bondeni na gari ambalo zamani lingekuwa linatambaa.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka barabara isijengwe, wala sikubaliani na wanaodhani kuijenga ndiyo kumaliza. Bega la lami lenye upana wa mita moja na nusu kila upande, lisilokatika inapofika kalvati, lingemfaa mchuuzi wa samaki anayetoka Tumbe alfajiri kabla ya kumfaa mgeni yeyote. Ninataja kalvati makusudi, kwani katika barabara nyingi za visiwani hapo ndipo njia inapobana: bega huishia, mtaro uko wazi, na mwenye baiskeli hulazimika kuingia katikati ya barabara mahali ambapo gari limeshapata kasi ya mteremko. Matuta katika vijiji na mbele ya skuli yangeongezwa pamoja na vibao vya mwendo, na sehemu ambazo kipande cha njia ya zamani kimeachwa kando baada ya kona kunyooshwa, kipande hicho kisiachwe kifunikwe na majani au kiliwe na mashamba, kwa kuwa tayari kina kivuli, kina daraja, na kinawafaa waendao polepole.

Wageni nao wana nafasi yao, na kwa maoni yangu nafasi hiyo iko zaidi katika njia za pembeni kuliko katika barabara kuu. Ipo ya kwenda Pujini, kwenye magofu yanayohusishwa na Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba, na ipo ya kuingia Kidike, ambako popo wa Pemba, asiyepatikana pengine popote duniani, hulala mitini kwa makundi mchana kutwa. Katika njia za fusi tairi nyembamba za mashindano hazifai, na wakati wa masika udongo mwekundu una utelezi usio na huruma. Miezi ya kusi, yaani upepo wa kusini, kuanzia Juni, ni mikavu zaidi, na upepo humsukuma mtu anayetoka Mkoani, kusini, kwenda Konde, kaskazini. Kaskazi ikivuma, busara ni kuigeuza safari na kuanzia kaskazini. Haya ni mambo ambayo kijana yeyote wa kisiwani mwenye baiskeli anayajua, na ndiyo yanayomfanya awe kiongozi wa safari bora kuliko ramani ya simu, iwapo ataajiriwa.

Kama jambo hili litajaribiwa, ningependa lianze na njia moja fupi, kwa makubaliano ya shehia inazopita, huku baiskeli za kukodi zikimilikiwa na watu wa humo humo na mafundi wao wakipatiwa vipuri vya gea na breki za kisasa ambavyo sasa ni shida kupatikana. Na kabla ya mgeni wa kwanza kupita, hesabu ifanyike bondeni kwa wiki moja, asubuhi na jioni: ni wanafunzi wangapi wanaopita kwa baiskeli, wachuuzi wangapi, wakulima wangapi, na gari zinazowapita zinakwenda kwa mwendo gani. Kazi hiyo inahitaji watu wawili, daftari na saa, na inaweza kuanza wakati wowote mpunga ukiwa bado shambani.