Kituo cha serikali au kliniki ya mtaani: mgonjwa wa Busia aanzie wapi?

Hapa Busia, upande wa Uganda, mtoto akichemka usiku mama yake hupata washauri wengi. Mmoja atamwambia asubiri kupambazuke ampeleke kituo cha serikali, maana matibabu huko ni bure. Mwingine atamwambia asipoteze muda, kliniki ya pale kona iko wazi na daktari yupo. Kila mmoja ana lake la maana, na ubishi huu si wa jana.

Serikali ilifuta ada katika vituo vyake Machi 2001, ikabakiza wodi za kulipia katika hospitali. Watu walifurika, hasa maskini ambao kabla ya hapo walikuwa wakiugulia nyumbani. Lilikuwa jambo kubwa, na huniuma linapobezwa na watu wasiokumbuka hali ilivyokuwa. Tatizo ni kwamba dawa hazikuongezeka kwa kasi ya wagonjwa. Mtu anafika, anapimwa, anaandikiwa, halafu dirishani anaambiwa, "Dawa zimeisha, kanunue nje." Ongeza nauli ya boda na glavu ambazo mama mjamzito huambiwa aende nazo. Ongeza pia siku ya biashara iliyopotea. Kwa mama anayeuza mukene, yaani dagaa, sokoni, siku moja bila kufungua meza ni kukosa mtaji wa kesho yake.

Ndiyo maana siwalaumu wanaokimbilia kliniki, na wala si wenye pesa peke yao. Kliniki iko wazi usiku, wakati kituo kidogo cha serikali kimefungwa tangu alasiri. Pale mtu anaitwa kwa jina lake, anaulizwa habari za watoto, na akipungukiwa anaruhusiwa kulipa nusu na kumalizia siku ya soko. Foleni haizidi watu watatu. Kuna na jambo la siri: mwenye ugonjwa wa zinaa hataki kukaa kwenye benchi moja na shemeji yake na mwalimu wa mwanawe. Mambo haya si anasa, na kituo kinachoyapuuza kinajifukuzia wagonjwa chenyewe.

Pamoja na hayo yote, mimi nasema homa ya kawaida, ujauzito, chanjo na maradhi ya kudumu kama shinikizo la damu yaanzie kituo cha serikali. Sababu yangu kubwa ni kinachotokea ndani ya chumba cha matibabu baada ya foleni.

Chukua malaria. Mwongozo wa nchi uko wazi: malaria isiyo kali inatibiwa kwa vidonge vya mseto, ambavyo mtu mzima humeza 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku 3, jumla 24. Sindano ya atisuneti imewekewa malaria kali, yaani mgonjwa aliyepoteza fahamu, anayepata degedege, anayetapika kila kitu au aliyepungukiwa damu sana. Kwenye kliniki nyingi za mtaani hali ni nyingine kabisa. Mgonjwa aliyeingia kwa miguu yake, anayeongea na kujibu simu, anachomwa sindano tatu ndani ya saa 24 kisha anaruhusiwa kwenda zake. Anajisikia vizuri kesho yake na kuisifia kliniki. Ila zile sindano zilitakiwa kufuatiwa na dozi kamili ya vidonge, na hapo wengi huachia njiani, ama kwa sababu hawakuambiwa, ama kwa sababu pesa imeisha. Wadudu waliobaki mwilini wanajifunza kuvumilia dawa. Mwaka 2021 watafiti walithibitisha kwamba kaskazini mwa Uganda kuna vimelea vya malaria vilivyoanza kustahimili dawa za jamii ya atisuneti. Hiyo ndiyo dawa tunayoitegemea nchi nzima, na tunaichezea mtaani ili mteja aridhike.

Maana kliniki inaishi kwa mteja kuridhika. Mgonjwa ambaye kipimo cha kidole kimeonyesha hana malaria anataka aondoke na kitu mkononi. Muuguzi wa serikali hapati hasara akimwambia, "Huna malaria, kunywa maji mengi, urudi baada ya siku mbili." Mwenye kliniki akisema hivyo amepoteza mauzo, na kesho mgonjwa ataenda kwa jirani. Ndipo inapozuka ile taifodi ambayo kila mtu wa mji huu amewahi kuambiwa anayo. Mara nyingi inatokana na kipimo cha Widal, ambacho kinaweza kuonyesha taifodi kwa mtu aliyeugua zamani au asiye nayo kabisa. Antibiotiki zinafuata, na wiki mbili baadaye zinatolewa nyingine.

Jambo la pili ni lile daftari la shule. Wasiotibiwa Uganda wanaweza wasielewe: mgonjwa wetu hununua daftari la kawaida la mistari, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akaandika jina lake kwenye gamba. Hiyo ndiyo faili yake. Ukilifungua la mama aliyehudhuria kituo kimoja kwa muda mrefu, unaona tarehe, uzito, presha, majibu ya kipimo, dawa alizopewa, na mahali ambapo mtu aliyemhudumia baadaye amepigia mstari neno lililoandikwa na mwenzake. Presha inapanda kidogo kidogo ukurasa hadi ukurasa, na mtu mwenye macho anaiona kabla haijampiga mama huyo kiharusi. Kwenye kliniki mara nyingi unapewa kikaratasi, au hupewi chochote. Unapewa vidonge ndani ya bahasha ndogo iliyoandikwa "2x3" bila hata jina la dawa. Ukienda kwingine, hakuna anayeweza kujua ulimeza nini.

Najua jibu la upande wa pili: daftari linasaidia nini kama aliyetakiwa kulisoma hayupo kazini? Swali hilo ni zito, na kulijibu kunagusa jambo tusilopenda kulisema. Mara nyingi mhudumu wa kituo cha serikali ndiye huyohuyo anayekungoja kliniki jioni. Wengine wanasema ni wizi wa mchana, na pale anapoacha foleni saa nne asubuhi kwenda kwenye kliniki yake, au dawa zenye chapa ya serikali zinapohama naye, nakubaliana nao bila kusita. Ila mhudumu anayemaliza zamu yake ya haki kisha akatibu watu mpaka usiku anaufaa mji huu. Mwaka 2022 serikali iliwapandishia madaktari mishahara, lakini tukumbuke kwamba vituo vingi havina daktari. Kituo cha daraja la pili huongozwa na muuguzi, cha tatu na tabibu asiye daktari kamili (clinical officer), na daktari unamkuta kuanzia daraja la nne, ambako pia upasuaji wa uzazi unatakiwa kufanyika. Sisi tunamwita "daktari" kila mwenye koti jeupe, kisha tunashangaa anaposhindwa.

Dalili za hatari zikijitokeza usiku, hoja zangu za foleni na daftari zinakaa pembeni. Mtoto mwenye degedege apelekwe palipo wazi na penye uwezo, na kliniki nzuri ni ile inayompa huduma ya kwanza na kumpeleka hospitali mara moja. Ile inayomng'ang'ania kwenye dripu mpaka pesa za familia ziishe ndiyo tunayozika nayo watoto.

Bima ya afya ya taifa ingeweza kupunguza mgawanyiko huu, lakini muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2021 haukusainiwa kuwa sheria. Wakati tunangoja, mgonjwa ana nguvu kidogo ambazo hazitumii. Mkataba wa haki za wagonjwa wa Wizara ya Afya unampa haki ya kumjua anayemtibu na kuelezwa anapewa nini na kwa nini. Kwenye kliniki, uliza leseni ya mwaka huu na jina la dawa, na uandikiwe kwenye daftari lako mwenyewe. Kwenye kituo cha serikali kuna kamati ya usimamizi yenye wakazi ndani yake. Bohari ya dawa ya taifa, National Medical Stores, hupeleka dawa kila baada ya miezi miwili, na orodha ya kilichoshushwa huwa inajulikana kituoni. Kamati ya kila kituo ibandike orodha hiyo ukutani siku dawa zinapofika, pamoja na majina ya walio zamu, ili mama akiambiwa dawa zimeisha siku ya kumi aweze kuuliza zimekwenda wapi.