Almasi ya kiwandani: umbo lake linatosha kuitambua?

Wapo wanaosema sonara mwenye jicho zuri hahitaji maabara, umbo la jiwe linamtosha. Kwa jiwe bichi, yaani lisilochongwa, hoja hiyo ina uzito. Almasi za ardhini, zikiwemo za mgodi wa Mwadui, aghalabu hukua kwa nyuso nane za pembetatu, na nyingi hufika juu kingo zimelika na kuviringana. Nyuso za mchemraba zilizo bapa na laini ni alama ya mtambo.

Almasi ya kiwandani hutengenezwa kwa njia mbili, ya shinikizo na ya gesi. Katika mtambo wa shinikizo, kaboni huyeyushwa ndani ya chuma, nikeli au kobalti iliyoyeyuka, kwa shinikizo la angahewa 50,000 hadi 60,000 na nyuzi 1,300 hadi 1,600 za Selsiasi. Upande wa mbegu, kipande kidogo cha almasi, huachwa na joto pungufu kidogo, kaboni ikaganda hapo. Joto likiwa la chini, nyuso za mchemraba hutawala. Likipanda, hutawala za pembetatu. Katikati hutoka jiwe lenye zote mbili. Uso unaokua polepole ndio unaobaki mpana, unaokimbia hujimaliza wenyewe. Kasi nayo ina gharama yake: mbegu ikikimbizwa, humeza matone ya metali, na jiwe la namna hiyo huenda likavutwa na sumaku. (Majaruba ya chumvi ya Pemba yana somo kama hilo. Maji yakikauka taratibu, chembe hujaa. Yakiharakishwa, kingo hutangulia na katikati hubaki shimo.)

Njia ya gesi, ambapo kaboni ya gesi hujipanga tabaka kwa tabaka, hutoa kibamba bapa. Methani ni asilimia chache tu ndani ya haidrojeni. Ikizidishwa, uso huota vipele na kaboni nyeusi.

Lakini nani huletewa jiwe bichi dukani Mji Mkongwe? Linalokuja ni pete. Jiwe likishachongwa, umbo la nje limekwenda, na kalamu ya kupima upitishaji joto itasema "almasi" kwa yote, maana yote ni almasi kweli. Hapa hoja ya jicho inaanguka, ila ya umbo haifi: ramani ya ukuaji imebaki ndani. Naitrojeni huingia kwa viwango tofauti kila uso, hivyo chini ya mwanga mkali wa urujuanimno jiwe la shinikizo huonesha vipande vilivyopangika kama msalaba, la gesi mistari ya matabaka, la ardhini matabaka yanayofuata umbo la nyuso nane. Kifaa cha mwanga huo kiko maabara, na jiwe hupimwa vizuri zaidi likishatolewa kwenye pete.