Kiwanja cha jina la kuazima

Wiki iliyopita dalali mmoja wa viwanja hapa Arusha, kijana mtanashati mwenye kauli tamu, alinieleza kwa utulivu kabisa jambo ambalo mpaka leo linanichemsha damu. Nilikuwa nimemwambia mapema, ili tusipotezeane muda, kwamba mimi ni Mkenya, kwamba ninaishi hapa kwa kibali cha kazi, na kwamba kwa jinsi ninavyoielewa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 siwezi kumilikishwa kiwanja cha kujenga nyumba ya kuishi. Hakushtuka hata kidogo. "Jina si tatizo, dada," alinijibu, "jina tutakutafutia." Aliyasema hayo kama fundi anayemhakikishia mteja kwamba misumari ipo ya kutosha.

Simlaumu sana kijana yule, kwa kuwa anaishi kwa kamisheni na siku yangu ya kulia yeye atakuwa amekwisha kula na kusahau. Kinachonikera ni kwamba ushauri huohuo nimeusikia kwa watu wazima, wasomi, wenye vyeo, tena Wakenya wenzangu walioishi huku miaka mingi, wakiutoa kwa sauti ya mtu anayekufunulia siri ya mjini: tafuta Mtanzania unayemwamini, nunua kwa jina lake, andikianeni mkataba pembeni, maisha yaendelee.

Sheria yenyewe haina fumbo. Kifungu cha 20 kinasema asiye raia wa namna yangu hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa, na hata hapo ardhi hupitia kwanza mikononi mwa mamlaka ya uwekezaji, naye mgeni akapewa haki inayotokana na umiliki wa mamlaka hiyo. Wale wanaokimbilia kusajili kampuni wakidhani wamepata upenyo nawashauri wasome kifungu hicho mpaka mwisho, maana kampuni ambayo wenye hisa wengi si raia nayo huhesabiwa kuwa mgeni. Nyumba yangu ya vyumba vitatu na banda la kuku si uwekezaji, hata kuku hao wakitaga kwa mpango wa biashara ulioandikwa vizuri.

Basi tuseme umelipata hilo jina. Wengi wakifikiria hatari zake huwaza kudhulumiwa tu, kwamba siku moja mwenye jina atageuka na kukufukuza, na kwa sababu wanamwamini mtu wao hujiona salama. Hawawazi kwamba mtu mwaminifu pia hufa. Ninamfahamu mhandisi mmoja, mtu wa kwetu, ambaye aliweka kiwanja chake kwa jina la msimamizi wa kazi zake, mzee mcha Mungu ambaye hakuwahi kumpotezea hata mfuko mmoja wa saruji. Mzee aliugua, akafariki. Familia ikakaa kikao cha ukoo, ikateua msimamizi wa mirathi, ikaenda Mahakama ya Mwanzo, na katika orodha ya mali za marehemu kikaandikwa kiwanja chenye nyumba iliyofika kwenye linta. Hakuna aliyeiba. Watoto waliona karatasi yenye jina la baba yao, na wangeamini nini kingine? Mhandisi alipojitokeza na mkataba wake wa pembeni, mjane alimuuliza kwa upole kama alikuwa na risiti ya kumlipa marehemu kwa kazi ya kuazimisha jina, na yule bwana hakuwa na jibu ambalo angeweza kulitoa mbele ya hakimu.

Hapo ndipo ubaya wa mpango huu ulipo. Mkataba ule wa siri, ulioandikwa kwa uangalifu na kutiwa saini na mashahidi wawili, ni ungamo lako mwenyewe. Kuupeleka mahakamani ni kusema kwa maandishi kwamba ulikusudia kukwepa sheria ya ardhi, na Sheria ya Mikataba haiyatambui makubaliano ambayo lengo lake ni haramu. Ukiuficha huna ushahidi, ukiutoa umejihukumu. Hapo wajuaji hukuambia uchukue hati ya uwakilishi, ya kukuruhusu kutenda kwa niaba ya mwenye jina, wasikwambie kwamba hati hiyo hufa pamoja na aliyeitoa. Wengine hukushauri mwenye jina aandike wosia wa kukuachia kiwanja, utadhani wosia hauwezi kubadilishwa kesho asubuhi, au marehemu anaweza kumrithisha mgeni kile ambacho sheria haikumruhusu kumpa alipokuwa hai.

Na kifo si mlango pekee. Mwenye jina akiachana na mkewe, kiwanja huingia katika hesabu ya mali zilizochumwa ndani ya ndoa, na mke ana kila sababu ya kuamini kwamba alikichuma pia. Akikwama kibiashara, akaweka hati rehani benki, benki itatazama daftari la msajili wa hati, nalo daftari halina habari na urafiki wenu. Akiwa hana hati bado, ana karatasi ya mauziano tu iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu karatasi ya namna hiyo inaweza kuandikwa tena kwa mnunuzi mwingine kabla chai haijapoa. Ndugu zangu, mtu anayekula njama hii hajanunua ardhi. Amemjengea nyumba mtu mwingine, kisha akamwomba amruhusu kulala humo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo waliofanikiwa. Yupo hata mmoja aliyeuza kwa faida na kurudi Nakuru akicheka. Wanaofanikiwa husimulia kwenye sherehe. Wale wengine hubadilisha mada.

Nakubali pia, na hili linaniuma zaidi kwa sababu ninatoka Mombasa, kwamba Watanzania hawakutunga sheria hii kwa roho mbaya. Nimekua nikiona fukwe za Diani, Watamu na Malindi zikizungushiwa kuta na watu wanaokuja msimu mmoja kwa mwaka, huku waliozaliwa hatua chache kutoka hapo wakiitwa maskwota. Ilibidi Kenya ingoje Katiba ya 2010 ndipo umiliki wa moja kwa moja wa asiye raia urejeshwe kwa Jamhuri, naye apewe badala yake ukodishaji wa miaka isiyozidi 99. Tanganyika ilikuwa imeufuta umiliki huo mapema, mwaka 1963, na hadi leo hata raia wa hapa mwenye hati ya kiwanja hukishikilia kwa muda wa miaka 33, 66 au 99, kwa kuwa ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Kwa hiyo Mkenya anayelalamika kwamba amebaguliwa akumbuke kwanza kwamba Mtanzania naye hawezi kununua shamba kule Kenya bila kibali cha msamaha kutoka kwa Rais, ingawa fleti ya Nairobi anaweza kuipata kwa ukodishaji huo wa miaka 99. Uganda nako mgeni hupewa ukodishaji, na ardhi ya mailo, ile ya umiliki wa kudumu, haigusi. Zanzibar wamefungua mlango wao mwembamba kwa sheria ya kondominiamu ya 2010, inayomwezesha mgeni kumiliki fleti katika miradi iliyoidhinishwa. Bei zake si za mshahara wangu, lakini angalau jina kwenye karatasi ni lake.

Ninachokidai ni mlango wa namna hiyo kwa mtu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anayeishi na kulipa kodi katika nchi jirani. Itifaki ya Soko la Pamoja ilisainiwa hapahapa Arusha Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 2010, ikatuahidi kusafiri, kufanya kazi na kuishi popote ndani ya nchi wanachama, kisha ilipofika kwenye ardhi, katika ibara ya 15, ikasema mambo hayo yataongozwa na sera na sheria za kila nchi. Yaani ninaweza kuja, kufanya kazi, kuzaa na kuzeeka hapa, ilimradi nifanye yote hayo katika nyumba ya mtu. Na suluhisho la uraia wa nchi mbili halipo, kwa sababu Kenya inauruhusu lakini Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa nao. Nilimfahamu hata mzaliwa wa Moshi mwenye pasipoti ya Kanada ambaye naye ilibidi aazime jina la dada yake.

Mawaziri wetu wanakutana mjini humu mara kwa mara, hawana haja ya kusafiri mbali kulitazama jambo hili. Wanaohofia kwamba Wakenya wataimaliza Arusha wana haki ya kuhofu, na hofu yao iandikwe ndani ya sheria: mkazi wa Jumuiya aliyeishi nchini kihalali kwa muda uliowekwa akodishwe kiwanja kimoja tu cha makazi, ndani ya eneo lililopimwa la mji, kwa miaka 33, kwa jina lake, asiruhusiwe kukiuza kwa mgeni mwingine, na akishindwa kujenga katika muda wa masharti kirudi serikalini. Ardhi ya kijiji isiguswe kabisa. Na Kenya, isijifanye haisikii, itoe haki hiyohiyo kwa Mtanzania, na izianike hadharani ada zote za ukodishaji huo.