Anakamua Tangu Alfajiri, Sensa Inasema Hana Kazi

Majedwali ya sensa ya India ya mwaka 2011 yanakwenda kijiji kwa kijiji, na nikiyasoma kuna safu moja inaniuma kila nikiifikia. Kwanza idadi ya kaya, wanaume na wanawake, watoto wa miaka 0 hadi 6, watu wa matabaka (makundi ya kijamii ambayo mtu huzaliwa ndani yake) na makabila yaliyoorodheshwa kisheria, wanaojua kusoma. Kisha wafanyakazi: waliofanya kazi miezi 6 au zaidi ndani ya mwaka, halafu wale wa chini ya hapo. Mwisho kabisa, wasiofanya kazi. Humo ndimo wanawake walimorundikwa.

Vijijini, nchi nzima, katika kila wanaume 100, watoto na wazee wakiwemo, 53 waliandikwa wafanyakazi. Wanawake, 30 tu.

Niliwahi kulala siku nne kwa kina rafiki yangu niliyesoma naye, kijiji cha magharibi mwa Uttar Pradesh, jimbo la kaskazini mwa India. Nikiamka, mama yake alikuwa ameshakamua nyati wao wawili. Alibeba kinyesi kwa karai kichwani, akakichanganya na makapi ya ngano, akakifinyanga kwa viganja kama mkate na kukibandika ukutani kikauke. Hizo ndizo kuni zao, wenyewe wanaziita upale. Ukuta mzima ulikuwa na alama za vidole vyake. Mchana alikwenda kukata majani kwa mundu, akarudi kuyakatakata kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Jioni akakamua tena. Mnunuzi wa maziwa alikuja na pikipiki, akapima, akaandika kwenye daftari jina la baba.

Nilimuuliza rafiki yangu, mama anafanya kazi gani? Akajibu bila kufikiri: "Mama? Yuko nyumbani tu." Sisi nasi tuna neno letu, mama wa nyumbani, na tunalitamka vilevile.

Silaumu kanuni za sensa. Zinasema wazi kwamba kusaidia shamba la familia bila malipo ni kazi, na hata maziwa ya kunywa nyumbani yanahesabika. Mambo yanaharibikia mlangoni. Karani, mara nyingi mwalimu wa shule ya msingi mwenye kaya chungu nzima za kumaliza, anamuuliza mwanamume aliyekaa barazani, na huyo anajibu kama alivyojibu rafiki yangu. Mwanamke akishaandikwa hivyo, nani atamwita kwenye mafunzo ya mifugo? Nani atamkopesha kama mkulima, ilhali hati ya shamba nayo kwa kawaida ina jina la mume?

Sasa inakuja sensa ya 2027, na gumzo lote ni matabaka, kwa kuwa mara ya mwisho sensa kutoa hesabu ya matabaka yote ilikuwa 1931. Naliunga mkono hilo kwa moyo wote. Vijiji vingi vya huko makazi ya Wadalit, watu wa matabaka yaliyoitwa "wasioguswa", bado yametengwa pembeni, na jambo hilo lazima lionekane. Lakini safu ya wasiofanya kazi sioni ikigombaniwa, na inahusu mamilioni ya wanawake wa kila tabaka.

Ningekuwa nawafundisha makarani, ningewaambia waingie hadi uani alipo mama mwenyewe, waache kumuuliza kama ana kazi. Wamuulize: jana, tangu ulipoamka, ulifanya nini?